Vijana wangu wa Jumamosi, kuhusu yule Mmoabi

Wajukuu zangu hamjambo. Juzi nilinyamaza mkibishana lakini usiku usingizi uligoma kabisa. Mmoja wenu alisoma Kumbukumbu la Torati 23, eti Mmoabi (mtu wa Moabu, taifa jirani la Israeli) asiingie mkutano wa Bwana hata kizazi cha kumi, akaifanya fimbo ya kumchapia mwenzenu anayetaka kuoa kabila lingine, na nyie mkapiga makofi! Sasa Ruthu tumpeleke wapi? Si alikuwa Mmoabi, akamzaa Obedi, Obedi akamzaa Yese, Yese akamzaa Daudi, yule mfalme wa Israeli?

Wayahudi wenyewe swali hili liliwatoa jasho zamani. Kwenye Talmudi, ile mijadala ya marabi, walimu wa dini yao, Doegi mtumishi wa Sauli anamchokonoa mfalme wake, anamwambia kabla hujauliza kama huyu Daudi anafaa ufalme uliza kwanza kama anafaa hata kuingia mkutanoni, maana katokana na Ruthu Mmoabi. Abneri, jemadari wa Sauli, anajibu sheria imekataza mwanamume wa Kimoabi, mwanamke haikumgusa. Hapo sisi tunapitwa, kwa Kiswahili Mmoabi ni Mmoabi tu awe mume awe mke, ila Kiebrania moavi ni mwanamume na moaviya ni mwanamke, ubishi wote umening'inia kwenye mwisho wa neno.

Doegi hakubali. Basi Abneri anamwambia angalia sababu iliyoandikwa, Wamoabi walikosa kuwapokea Israeli njiani kwa chakula na maji, na kazi ya kutoka njiani kupokea wageni ni ya wanaume, sio wanawake. Doegi naye (mkorofi huyu ila ana akili) anasema wanaume wangewapokea wanaume, na wanawake wangewapokea wanawake. Abneri kimya. Mpaka akatokea mtu kajifunga upanga, akasema hukumu hii, kwamba mwanamke hakukatazwa, ameipokea toka baraza la nabii Samweli na asiyeitii atachomwa kwa upanga huo. Ndio ubishi ukaisha hivyo, kwa upanga, mi kila nikisoma nacheka.

Lakini hebu oneni, mlango wa Ruthu ulifunguliwa kwa hoja kwamba mwanamke hatoki njiani, wakati Ruthu mwenyewe alitembea toka Moabu mpaka Bethlehemu na mama mkwe wake, kisha yuko shambani kwa watu anaokota masazo! Na wanaume wa Kimoabi waliachwa nje vilevile, hilo halinipendezi na sitalifunika. Alafu hata baada ya kuapa watu wako ni watu wangu, kitabu kinaendelea kumwita Ruthu Mmoabi, hadi sura ya 4 siku anaolewa.

Kwa hiyo aliyesoma Torati 23 simfukuzi, ila arudi nayo Jumamosi tuisome pamoja na Ruthu sura ya 2, mstari wa 9 na wa 14. Someni polepole, muone nani anampa Mmoabi maji, na nani anamwambia karibu ule mkate.

Babu yenu