Mliniuzia roboti ya kugeuka bila viungo vyake

Kwa watu wa huduma kwa wateja,

Habari zenu. Mimi ni mteja wenu niko Kisumu, nilinunua kwenu ile seti ya kuunda ya Zeta Gundam, roboti ya katuni za Kijapani, saizi ya 1/100 (yaani mara mia ndogo kuliko ya kwenye katuni), ile ya Bandai ya daraja lao la Master Grade, toleo la kwanza la 1996, siyo lile la 2005, na nikalipa pesa yote kwa M-Pesa kabla mzigo hata haujatoka Nairobi. Mliandika ni mpya, boksi halijafunguliwa. Hiyo si kweli.

Boksi lilikuwa na selotepu mbili, ya juu mpya inang'aa, ya chini imekuwa njano na imepasuliwa katikati na kisu. Ndani vipande vingi bado vimeshikana na fremu zake, yaani vile vijiti vya plastiki unavikatia vipande, sawa, lakini fremu moja ya mguu imeshakatwa na bawaba ya nyonga iko na mstari mweupe pale inapojikunja, na mtu yeyote ameunda hizi vitu anajua huo weupe maanake plastiki ililazimishwa na sasa inangoja tu kuvunjika. Kubwa zaidi, polikepu hazimo. Zile pete laini zinazoingia ndani ya bega, kiwiko na goti ndizo zinashika kila kitu. Hakuna hata moja.

Sasa hii si sanamu ya kuweka juu ya kabati. Inageuka ndege, hiyo ndiyo sababu watu wanaitafuta mpaka leo. Ngao inakuja mbele inakuwa pua, kichwa kinaingia ndani, mikono inafichwa, miguu inakunjwa inakuwa injini huko nyuma, na kila kiungo kinabeba uzito wa kingine. Hii ya 1996 hata ikiwa kamili inajulikana kwa kulegea, je bila polikepu? Hata kusimama haisimami.

Nikapiga simu, kijana wenu akaniambia ati nipake supa glu. Jamani! Glu ikikauka kiungo kimekufa, hakikunjiki tena, na mimi nimenunua kitu cha kukunjika. Nilipeleka mpaka kwa fundi wa redio pale Kibuye, mtu ako na mikono safi sana, akapima matundu akasema anaweza kukata pete za mpira wa paipu lakini hazitakaa kwa sababu kila tundu lina upana wake. Na hapa Oginga Odinga Street hakuna duka utaingia uulize polikepu za roboti ya 1996, kwa hivyo msinitume nikatafute.

Mtoto wa dada yangu alitoka Ahero likizo hii tuunde pamoja, ameisoma ile karatasi ya maelekezo, ya Kijapani kabisa, anafuata michoro peke yake. Amerudi shule bila kuona hata mkono mmoja umeshikana, na hiyo imeniuma kuliko pesa.

Nataka mnitumie polikepu zote pamoja na fremu ya mguu yenye bawaba nzima. Kama hamna, mrudishe pesa yangu yote pamoja na ya usafirishaji, na gharama ya kurudisha mzigo iwe yenu. Na kama mko na zingine za namna hii, fungueni mhesabu vipande kwanza kabla hamjaandika mpya. Mimi sijakata wala kubandika kitu, picha za selotepu na bawaba nimeambatanisha hapa. Nijibuni kwa ile namba niliyolipia.

Mteja wenu, Kisumu