Mhariri, waombe wanaotoa kompyuta za msaada wasing'oe diski

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, najua inagombaniwa na wengi ila hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu. Mimi ni mmoja wa watu wanaojitolea kufufua kompyuta za msaada, yani zile ambazo ofisi au mtu binafsi kamaliza kuzitumia akaona bora azitoe kuliko kutupa, sisi tunapokea, tunafungua, tunapuliza vumbi, tunabadilisha kilichokufa, tunapiga programu upya halafu inaenda kwa mtu ambaye hana uwezo wa kununua. Kazi hii naipenda sana. Kinachoniumiza ni hali ambayo hizo kompyuta zinatufikia.

Juzi juzi tumeletewa mzigo kutoka ofisi moja, desktopu 23 na laptopi 6, mashine nzuri kabisa hata mikwaruzo hamna, tukafurahi mno. Kufungua ya kwanza, haina diski, yani kile kifaa cha ndani kinachohifadhi mafaili na programu. Ya pili hivyo hivyo. Zote 23 zimeng'olewa diski, na kwa ile haraka ya kung'oa wamevuta na nyaya za data na skrubu na vile vibebeo vya plastiki vinavyoshikilia diski mahali pake, na zile laptopi hakuna hata moja iliyokuja na chaja. Nikampigia aliyezileta kumuuliza, akanijibu kwa upole tu, kaka zile diski zina siri za ofisi, bosi kasema zote zipigwe nyundo. Na kweli zilikuwa zimeshapigwa nyundo.

Simlaumu hata kidogo maana hofu yake ni ya haki. Watu wengi hawajui kwamba ukifuta faili kwa kawaida, hata ukamwaga na lile pipa la taka, mara nyingi kompyuta haijafuta kitu, imefanya kama mtu aliyechana ukurasa wa yaliyomo kwenye kitabu, kurasa zenyewe zipo palepale mpaka kitu kingine kije kiandikwe juu yake. Fomati ya haraka nayo ni hiyohiyo. Mtu mwenye programu ya kurudisha mafaili anakaa nayo jioni moja tu anatoa picha, mishahara ya wafanyakazi, nakala za vitambulisho, kila kitu. Kwahiyo mwenye ofisi akiogopa ameogopa kitu ambacho kipo kweli.

Ila dawa yake sio nyundo. Dawa ni kufuta kwa kuandika juu, kuna programu za bure kabisa zinazojaza sifuri kwenye diski nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho, unaiwasha unaiacha masaa kadhaa kulingana na ukubwa wa diski, ukirudi hamna kitu tena cha kurudisha. Kuna watu bado wanaamini lazima uandike juu mara 7 au mara 35, hayo yalikuwa mambo ya diski za zamani sana, mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani NIST, ule unaoitwa 800-88 ambao mafundi wa kazi hii dunia nzima wanaufuata, unakubali kwamba kwa diski za kuzunguka za siku hizi kupitisha mara 1 kwa kawaida kunatosha. SSD, yani diski ya chipu isiyozunguka, ndio ina utaratibu wake, maana yenyewe inahamisha hamisha data ndani kwa ndani ili chipu zisichakae upande mmoja, ukiandika juu kuna vipande vinaweza kubaki vimejificha, kwahiyo hapo unatumia amri ya kujifuta ambayo imo ndani ya SSD yenyewe na mara nyingi inamaliza kwa dakika chache. Na kama diski ilikuwa imefungwa kwa usimbaji, yani data imegeuzwa kuwa msimbo unaosomeka kwa ufunguo tu, tangu siku ya kwanza, ukifuta ufunguo wake data yote inabaki herufi zisizo na maana.

Bosi ambaye bado ana wasiwasi aje asimame pembeni aone kwa macho yake. Sisi tunaandika namba ya kila diski, tarehe iliyofutwa na aliyeifuta, tunampa karatasi anaweka kwenye faili lake. Anayetaka kufuta mwenyewe hukohuko ofisini kabla haijatoka mlangoni nayo ni sawa kabisa, tena ni bora zaidi, tutamwelekeza namna ya kufanya. Nyundo iwekwe kwa ile diski ambayo imeshakufa na haikubali kufutwa, hiyo hata sisi tunaiharibu.

Kwanini nang'ang'ania diski wakati ni kadude kadogo? Kwasababu vitu vingine vyote tunavipata kwa kubomoa. Mashine 3 zilizokufa zinatoa 1 nzima, unachukua RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) hapa, pawa saplai pale, feni kule. Diski haipatikani hivyo kwasababu kila mtu anaing'oa, na betri za laptopi zimechoka zote haziwaki bila chaja, kwahiyo hela ndogo tunayochangishana inaishia kwenye diski na chaja tu. Ingekuwa diski zinabaki, ile hela ingenunua SSD za kuwekea mashine za wanafunzi, na aliyewahi kuweka SSD kwenye laptopi ya zamani anajua ninachosema, mashine iliyokuwa inawaka wakati wewe unaenda kupika chai na kurudi inawaka kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Hamna spea nyingine inayobadilisha kompyuta ya zamani kiasi hicho, hata kuongeza RAM hakufikii.

Kingine kinachotuua ni paswedi. Laptopi inakuja imefungwa BIOS, yani ile programu ya ndani inayoiwasha mashine, aliyeifunga kaacha kazi siku nyingi hamna anayekumbuka, na kwenye laptopi nyingi za kiofisi hata utoe betri ya saa ile paswedi haitoki. Nyingine imeunganishwa na akaunti ya kampuni, unapiga programu upya vizuri, ukiiweka tu intaneti inajitambua kwamba ni mali ya kampuni fulani na inajifunga. Za Apple nazo kama mwenyewe hajatoka kwenye akaunti yake inabaki imefungwa kwake, hata tufanyeje. Kompyuta nzima isiyo na tatizo lolote inaishia kuwa spea, wakati mwenyewe angetumia dakika 5 kuitoa kwenye akaunti tungempa mtoto wa shule.

Nimeamua kuandika sasa hivi na sio baadaye kwasababu ya Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga msaada wake wa kawaida, na Windows 11 inataka mashine iwe na chipu ya usalama TPM 2.0 na kwa prosesa za Intel iwe kizazi cha 8 kwenda juu, yani karibu kila kompyuta iliyotengenezwa kabla ya 2017 imeachwa nje hata kama inafanya kazi vizuri. Maofisi yanasafisha stoo. Dunia ilishazalisha tani milioni 62 za taka za umeme mwaka 2022 peke yake kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, na zilizorekodiwa kwamba zimekusanywa na kuchakatwa inavyotakiwa ni asilimia 22.3 tu, sasa ongeza na hizi zinazotupwa sio kwasababu zimekufa bali kwasababu programu moja imezikataa. Tena sehemu kubwa ya uchafuzi wa laptopi inatokea kiwandani wakati wa kuitengeneza, umeme inaokula nyumbani ni kidogo ukilinganisha, kwahiyo kila mwaka unaoongeza kwenye maisha yake unaokoa kitu cha kweli.

Na hizo mashine zilizokataliwa sisi tunazipiga Linux, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, mara nyingi toleo lake la Mint, wala haisumbui. RAM ya 4GB inatosha kuandika barua, kuangalia masomo ya video na kujaza fomu, ikiwa 8GB mtu anasahau kabisa kwamba ni ya zamani. LibreOffice, programu ya kuandikia na mahesabu, imo ndani bure na inafungua mafaili ya Word na Excel. Kuna wenzetu wanasema maskini anapewa mabaki na programu ya bure kwahiyo tunamdharau, hapana, nimekaa na mama mmoja ambaye miaka yote alikuwa anajaza maombi ya kazi kwa simu yenye kioo kilichopasuka, alipopata laptopi yake aliandika wasifu wake kwa siku 2 akanipigia anauliza namna ya kuhifadhi kwa PDF, hajawahi kuniuliza hiyo Linux ni ya nani. Pale tu mtu anapohitaji programu maalum ya kazi ambayo ipo kwenye Windows peke yake ndio tunamtafutia mashine inayoipokea Windows 11. Kwa mfano watu wasioona, wengi wanatumia NVDA, programu ya kusoma skrini kwa sauti, ilianzishwa mwaka 2006 na vijana wa Australia ambao wenyewe hawaoni na mpaka leo ni ya bure, ila inafanya kazi kwenye Windows tu. Mashine zenye nguvu zikija na diski zake tunawawekea hao kwanza.

Kuna jambo dogo nalo niliseme wote walijue. Kompyuta ikikaa stoo muda mrefu ile betri ndogo ya duara kwenye bodi, CR2032, inakufa, saa inarudi nyuma miaka mingi, halafu ukiingia intaneti kila ukurasa unakataa unakwambia sio salama, kwasababu tarehe haiendani na vyeti vya usalama vya tovuti. Watu wanatupa kompyuta kwa hilo! Tumeshapokea mashine imeandikwa kwa karatasi "imekufa intaneti", tumebadilisha kabetri tukarekebisha tarehe imepona. Ila betri ya laptopi iliyovimba mpaka inainua kibodi usiichaji, usiitoboe, usiilete kwenye boksi pamoja na vingine, sema mapema maana hiyo inaweza kuwaka moto.

Na wapo wanaotuletea takataka, hili nalisema bila kumung'unya. Monita za kioo kinene zenye madini ya risasi ndani, printa zisizo na wino wala waya, mashine zilizoingia maji, kibodi zimegandana na uchafu wa miaka. Kwao wameshatoa msaada, roho zao nyeupe, kwetu ni kazi ya kutafuta pa kuzipeleka kwa usalama maana hatuwezi kuchoma moto nyaya tukavuta ule moshi, na hatutampa mtu kitu ambacho sisi wenyewe tusingekitumia. Kipimo ni chepesi tu, jiulize mwanao angeweza kufanyia homwek kwenye hiyo mashine, kama hapana sema tangu mwanzo kwamba ni ya spea, tutaipokea hivyo na tutashukuru.

Tunapokabidhi tunakaa na mtu angalau saa moja, tunamwonyesha kuzima vizuri, kuweka paswedi yake, kutambua meseji za utapeli, kuhifadhi kazi yake kwenye flashi. Asiyekuwa na intaneti nyumbani tunampakilia Kiwix, programu ya kusomea tovuti bila intaneti, yenye Wikipedia ndani anasoma bila bando. Tulipokuwa hatufanyi hivi mwanzoni nilikuja kukuta kompyuta imefunikwa kitambaa mezani miezi 4 haijawashwa, mwenyewe aliogopa kuiharibu, na kosa lilikuwa letu sio lake.

Kwahiyo Mhariri ombi langu kwa wasomaji wako wenye kompyuta za kutoa ni hili tu, iacheni diski ndani, futeni au tuiteni tufute mbele yenu, tokeni kwenye akaunti zenu, toeni paswedi ya BIOS, na ile chaja nayo ifungeni kwa selotepu pamoja na laptopi yake kabla haijapotea kwenye droo. Na msizihifadhi stoo mkisubiri kikao cha mwaka kesho, zinaoza.

Zile desktopu 23 nilizoanza nazo, tumepata diski 9 kutoka kwenye laptopi zilizovunjika vioo, zinaingia maana kiungio chake ni SATA ileile ya desktopu, tumezipima, tumezifuta, tumezifunga kwa zip tai, vile vikamba vya plastiki vya kukazia, sehemu ambayo vibebeo vilikuwa vimeng'olewa. Hizo 9 zimeshaondoka, 5 ziko kwenye darasa moja la watu wazima wanaojifunza kuandika na 4 ziko majumbani. Zimebaki 14 kwenye rafu, zimeshasafishwa, RAM tumezipima usiku kucha hazina kosa, kila moja imeshaandikiwa jina la atakayeichukua, zinasubiri diski.

Wako,
Fundi wa kujitolea