Nguo za msaada huishia wapi?

Mhariri,

Wengi wanaopeleka nguo kwa mashirika ya hisani huamini kuwa zitagawiwa wahitaji, bure. Mara nyingi sivyo. Shirika huzichambua, zile nzuri likaziuza katika maduka yake kugharimia kazi zake. Zinazobaki, ambazo kwa kawaida ndizo nyingi, huuzwa kwa kilo kwa wafanyabiashara, zikafungwa marobota na kupakiwa melini. Shati lililotolewa sadaka huweza kuuzwa mara tatu au nne kabla ya kumfikia mvaaji.

Sioni ubaya katika kuuza. Fedha hizo zina kazi, na mitumba inalisha familia nyingi. Kinachonikera ni usiri, pamoja na takataka. Mchuuzi wa soko la Kantamanto, Accra, hununua robota bila kujua kilichomo. Akikuta madoa na mipasuko, hasara ni yake na jalala ni la mji wake. Kule Chile, nguo zisizo na mnunuzi zimetupwa malundo kwa malundo katika jangwa la Atacama. Angalau sweta kuukuu zinazofika Panipat, India, huraruliwa na kusokotwa upya kuwa nyuzi za mablanketi.

Naomba mashirika yaandike wazi kwenye masanduku ya kukusanyia nguo: kiasi gani hugawiwa, kiasi gani huuzwa na kwa nani, kiasi gani hutupwa. Nasi watoaji tuache kutumbukiza humo soksi zilizotoboka, eti maskini hachagui.

Msomaji wako