Manjano majini: rangi ya maji pekee haitoshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme neno kuhusu manjano, kwa kuwa wanafunzi wengi wanaoniletea mapendekezo ya miradi ya sayansi hutaka kuitumia kuulia viluwiluwi vya mbu kwa msaada wa jua. Wazo lao lina msingi. Kurkumini, ambayo ndiyo rangi ya manjano yenyewe, hufyonza mwanga wa buluu, hasa ule wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 425, kisha huipa nishati hiyo oksijeni iliyo jirani, nayo oksijeni ikishachangamka huharibu seli za kiumbe kilichoimeza rangi hiyo. Mwanga huohuo huivunja kurkumini, na ndiyo maana doa la mchuzi kwenye kanga hufifia likianikwa juani.

Kikwazo kikubwa ni maji. Kila mpishi anajua kuwa manjano hukolea ikikaangwa katika mafuta, lakini ikikorogwa katika maji matupu hutuama chini ya chombo, na kiluwiluwi hukaa majini.

Wengi hukimbilia magadi, na kwa kweli hufurahi wakiona unga umemumunyika na maji yamekuwa mekundu. Furaha hiyo si ya muda mrefu, maana magadi huivunja kurkumini upesi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kuwa hata katika mmumunyo wa pH 7.2, yaani wenye ubesi mdogo sana kuliko wa magadi, kwenye nyuzijoto 37 za Selsiasi, takriban asilimia 90 yake ilikuwa imevunjika baada ya nusu saa.

Njia ninayoiona bora ni saiklodekstrini, yaani vipete vya glukosi ambavyo vimeng'enya huvitengeneza kutoka kwenye wanga, hata wa muhogo. Kipete chenye glukosi saba hupatana na maji kwa nje, ilhali tundu lake la ndani huisitiri sehemu ya kurkumini inayoyakimbia maji. Watafiti wa São Carlos, Brazili, walitumia manitoli, ambayo ni jamii ya sukari, ili kurkumini isambae vizuri majini walipoijaribu kwa viluwiluwi vya mbu aina ya Aedes.

Ninalosisitiza ni kwamba maji kuwa ya njano si ushahidi wa kutosha. Molekuli zikishikamana makundi makundi huendelea kufyonza mwanga, lakini sehemu kubwa ya nishati hupotea kama joto na oksijeni hupata kidogo. Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu na majaji wa maonyesho ya sayansi wamtake kila mwanafunzi ayachuje maji yake kwanza ndipo apime rangi iliyopita kwenye chujio, ayaache juani saa moja na kupima tena, na aweke gizani chombo kingine chenye dawa ileile na idadi ileile ya viluwiluwi.

Mwalimu wa Kemia,
Muheza, Tanga