Shukrani kwa Mama wa Kituo cha Basi, Houston

Siku mbili nilizunguka Houston, Texas, nikitafuta kidari cha ng'ombe kilichoivishwa kwa moshi, na kila nilipofika alasiri nilikuta nyama imekwisha. Mama mmoja wa makamo, niliyemkuta kituoni, alinieleza kwamba kidari hukaa motoni saa 12 au zaidi kwa kuni za mwaloni, hivyo kikiisha hakuna kingine siku hiyo, ndiyo maana foleni huanza kabla ya adhuhuri. Kesho yake akanipitia kwa gari lake, akapanga foleni nami, akamwomba mkataji anikatie upande wenye mafuta, ukoko wake mweusi ukinukia pilipili manga. Kisha tukala pai ya pekani, kokwa tamu zinazofanana na jozi, na senti yangu akaikataa. Wasomaji, mkimwona mgeni ameduwaa kituoni, msogeleeni. Mama, ahsante sana.