Jina la kwenye kitasa si jina la sanduku

Mhariri,

Wanunuzi wa masanduku ya zana ya zamani kutoka Marekani, hasa yale ya mafundi mitambo yenye droo nyingi, hukosea palepale: husoma jina lililogongwa kwenye kitasa, wakalipa kana kwamba ndilo la sanduku. Corbin na Eagle walikuwa watengenezaji wa vitasa huko Connecticut, na vitasa vyao vilifungwa kwenye masanduku ya wengine. Gerstner wa Dayton na Kennedy wa Van Wert, wote wa Ohio, ndio wa masanduku yenyewe. Jina lao litafutwe kwenye kibati au karatasi ya nembo.

Namba ya hataza (haki ya uvumbuzi iliyosajiliwa) nayo husomwa vibaya. Marekani ilifika namba 1,000,000 mwaka 1911, 2,000,000 mwaka 1935 na 3,000,000 mwaka 1961. Kitasa chenye namba iliyozidi milioni mbili hakiwezi kuwa cha kabla ya 1935, lakini chaweza kuwa cha miaka mingi baadaye, maana kiwanda huendelea kugonga namba ileile. Tena namba hiyo ni ya kitasa, si ya sanduku.

Kwa hiyo fungua skrubu, uchungulie chini ya kitasa. Kipande cha asili huacha kivuli kinacholingana nacho: rangi mbichi, isiyopauka, kingo kwa kingo. Kivuli kikiwa kikubwa kuliko kitasa, au kukiwa na matundu ya ziada yaliyozibwa, kitasa kimebadilishwa. Skrubu za nyota zilianza kutumika viwandani katikati ya miaka ya 1930. Ukizikuta kwenye sanduku linalodaiwa ni la 1920, ama skrubu ni ngeni ama muuzaji anakudanganya.

Bolti za mpini zina mtego wake. Nati ya robo inchi ya Kiingereza huingia kwenye bolti ya Kimarekani, kwa kuwa zote zina hesi 20 kwa inchi. Kinachozitofautisha ni pembe ya hesi: nyuzi 55 kwa Mwingereza, 60 kwa Mmarekani. Kuingia tu si ushahidi kwamba nati ni ya asili. Pima kwa geji ya hesi. Kwenye nusu inchi ni rahisi: hesi 12 kwa inchi kwa Mwingereza, 13 kwa Mmarekani.

Na tafadhali, msasa uwekwe mbali mpaka yote haya yakaguliwe. Futa kwa pamba yenye mafuta ya taa kidogo, ukijaribia kwanza upande wa chini. Tina ya rangi huondoa karatasi ya nembo kwa mfuto mmoja.

Msomaji wako,
Tanga