Barua ya malalamiko: Gari ni la zamani, lakini ada mlipokea kwa thamani ya milioni 14

Mwanga,
Kigoma.
2 Juni 2025

Meneja wa Madai,
Makao Makuu ya Kampuni ya Bima,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUPINGA TATHMINI YA GARI LANGU, TOYOTA HILUX YA MWAKA 1999, LILILOGONGWA TAREHE 11 MACHI 2025

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni muuguzi mstaafu na ni mteja wenu wa bima kubwa, ile inayolipia hata gari la mteja mwenyewe. Ninaandika kwa sababu simu nne nilizopiga ofisini kwenu zimeishia kwenye jibu lile lile, kwamba "mfumo umeshakokotoa", na mfumo siwezi kuuuliza swali. Naomba barua hii isomwe na mtu.

Ajali yenyewe haina ubishi. Siku hiyo ya Jumanne nilikuwa natoka shambani Simbo kurudi mjini, nikasimama kwenye kivuko kupisha wanafunzi. Lori la mizigo likanigonga kwa nyuma na kunisukumia mtaroni. Askari wa usalama barabarani walifika, wakapima, wakachora ramani ya tukio, na mkaguzi wa magari wa polisi akalikagua gari langu akaandika kwamba breki na taa zilikuwa nzima kabla ya kugongwa. Dereva wa lori alikiri kosa mahakamani akatozwa faini. Karatasi zote hizo mnazo tangu Machi. Mimi nilitoka na maumivu ya shingo tu, namshukuru Mungu.

Gari ndilo lililoumia. Chasisi imepinda upande wa nyuma kulia, bodi la nyuma limekunjamana, difu imesogea, na mbele limevunja bampa na rejeta lilipoingia mtaroni. Fundi wa gereji Gungu, ambaye mlimkubali wenyewe, alipiga hesabu ya vipuri, kunyoosha chasisi, kazi ya bodi na rangi, ikaja shilingi 6,850,000. Nikitoa ile asilimia 10 mnayoiita eksesi, ambayo najua ni mzigo wangu, mlitakiwa kulipa 6,165,000, gari litengenezwe, nami nirudi shambani. Nilidhani tungemaliza hapo.

Badala yake tarehe 6 Mei nikaletewa barua kwamba gari langu "halistahili kutengenezwa kiuchumi". Mnasema thamani yake sokoni ni 7,500,000 na matengenezo yamezidi asilimia 60 ya thamani hiyo, kwa hiyo mnalihesabu kuwa limekufa. Mnatoa eksesi 750,000. Nikitaka kubaki na mabaki ya gari, mnakata tena 2,500,000, napewa 4,250,000. Nisipoyataka, napewa 6,750,000 na gari mnalichukua.

Ndugu Meneja, hati yenu ya bima na cheti vyote vimeandika thamani ya gari hili kuwa shilingi 14,000,000. Ada yangu mliikokotoa kwa asilimia 3.5 ya milioni 14, yaani 490,000, mkaongeza VAT ya asilimia 18, 88,200. Nimelipa 578,200 kwa mkupuo mmoja kila mwaka, miaka mitatu mfululizo, na stakabadhi ninazo. Kwa gari la milioni saba na nusu ningelipa 309,750. Kwa hiyo kila mwaka mmepokea kwangu 268,450 juu ya thamani ambayo leo mnaniambia haipo. Kwa miaka mitatu ni 805,350. Kwenu pengine ni fedha ndogo. Mimi ni mstaafu.

Na wala msiseme kwamba nilijitajia bei nikitaka kunufaika. Mwaka 2023, nilipokwenda kukata bima kwenu kwa mara ya kwanza, nilimwuliza wakala wenu kama thamani inaweza kushushwa, maana gari linazeeka na ada ni nzito. Alikuja nyumbani kwangu, akalizunguka, akafungua boneti, akapiga picha, akaniambia: "Mama, Hilux ya hivi hapa Kigoma haishuki bei. Tukishusha, siku ya ajali utalia." Nikamwamini, nikalipa. Sasa ajali imetokea na thamani mmeishusha ninyi wenyewe.

Kanuni ya bima naielewa. Bima haimtajirishi mtu. Humrudisha pale alipokuwa kabla ya ajali. Najua pia kwamba hati yenu inasema mtalipa thamani ya soko ya siku ya ajali isiyozidi ile iliyokatiwa bima. Kwa hiyo sijadai milioni 14 kwa sababu tu imeandikwa. Ninachodai ni kwamba hiyo thamani ya soko itafutwe kwa haki, kwa gari langu lilivyo, katika soko ninaloishi. Hapo ndipo mthamini wenu alipokosea, na naomba nieleze kwa kirefu.

Mthamini hakulitazama gari langu. Alikuja kijana aliyetumwa na wakala, jioni, giza linaingia, akapiga picha tisa kwa simu na kuzituma WhatsApp. Nilikuwepo. Injini hakuipiga picha hata moja. Ndani ya kabini hakufungua. Ripoti iliyoandikwa Dar es Salaam kutokana na picha hizo ina mstari mmoja kuhusu injini: "hali haijulikani, umri miaka 26". Kisichojulikana kikahesabiwa kuwa kibovu. Injini hiyo ya dizeli, aina ya 3L, ilifanyiwa ovaholi mwaka 2023: ringi, beringi, gasketi, nozeli, vyote vipya. Stakabadhi niliziambatanisha kwenye fomu ya madai, na ripoti haizitaji popote.

Kuna jambo jingine kwenye ripoti hiyo lililonifanya nikae chini. Imeandikwa kwamba bodi la nyuma lina "kutu kubwa ya muda mrefu", na kwa hiyo kutu mmekata asilimia 15 ya thamani. Niliisoma mara mbili, kisha nikaenda gereji. Siku ya ajali nilikuwa nimebeba madumu mawili ya mawese ya shambani kwangu. Lori lilipogonga, moja lilipasuka. Mafuta yakamwagika bodi zima, yakachanganyika na vumbi jekundu la njiani, yakaganda. Nikachukua kitambaa na mafuta ya taa kidogo, nikafuta mbele ya fundi na vijana wake. Chini yake ilikuwa rangi nyeupe, nzima, ile niliyopiga mwaka 2022. Nimewaambatanishia picha mbili, kabla ya kufuta na baada ya kufuta. Mtu aliyesimama karibu na gari lile angenusa mawese kabla hata ya kuliona doa.

Kuhusu magari matatu mliyolinganisha na langu. Yote yalitoka kwenye matangazo ya mauzo ya Dar es Salaam. Nilimwomba mwanangu anayeishi huko afuatilie. La kwanza ni la petroli na lina kabini moja, wakati langu ni la dizeli lenye kabini mbili. La pili mwenyewe anakiri kwamba linauzwa bila giaboksi. La tatu tu ndilo linafanana na langu, na bei yake kwenye ripoti yenu hiyo hiyo ni 11,800,000. Mkajumlisha yote, mkagawanya kwa tatu, mkatoa na kutu ya mawese, ikapatikana saba na nusu.

Hapa Kigoma nimepata hati za mauziano za Hilux mbili za dizeli, kabini mbili, moja ya mwaka 1998 na nyingine ya 2000, zilizouzwa ndani ya miezi minane iliyopita. Moja 12,500,000, nyingine 13,000,000. Wauzaji wameridhia nakala ziambatanishwe. Gari la aina hii huku ni mali. Watu wa Kasulu, Uvinza na Buhigwe wanalitafuta kwa sababu linapita njia za shambani masika, na fundi yeyote analijua. Umri peke yake haumwambii mtu bei yake. Na hata nikikubali hiyo saba na nusu, nitalipata wapi jingine? Kuagiza nje siwezi, maana gari lililozeeka linatozwa ushuru wa ziada wa uchakavu juu ya kodi nyingine. Kununua Dar es Salaam ni kulisafirisha zaidi ya kilomita 1,200 kwa gharama ambayo haimo popote kwenye hesabu yenu.

Sasa hiyo asilimia 60. Nimesoma hati ya bima kurasa zote, pamoja na maandishi madogo ya nyuma, nikitumia miwani na rula mstari kwa mstari. Haimo. Nilipomwuliza ofisa wenu kwenye simu, alisema ni "utaratibu wa ndani". Utaratibu ambao sikuuona nikisaini unawezaje kunifunga? Lakini hata tukiutumia: 6,850,000 ni asilimia 49 ya milioni 14, na ni asilimia 55 ya milioni 12 na nusu. Kwa hesabu yoyote isiyokuwa ile ya kutu, gari langu linatengenezeka.

Aidha, nililetewa hati ya kuridhia malipo ambayo inasema nikisaini nimepokea "malipo ya mwisho na kamili" na sitadai tena chochote. Ofisa huyo huyo akaniambia nisiposaini ndani ya siku 14 faili litafungwa. Sikusaini, na sitasaini hati hiyo ilivyo. Nawaomba msiwafanyie hivyo wateja wengine. Wengi huku hawana wa kuwasomea, na mtu mwenye gari bovu na watoto wa shule husaini chochote chenye fedha mbele yake.

Wakati huo mimi naendelea kuumia. Gereji inanitoza maegesho 2,000 kwa siku, na zimepita zaidi ya siku 80. Mikungu ya michikichi ikishakatwa haisubiri. Matunda yakikaa siku chache asidi inapanda na mafuta yanakosa soko. Mwezi wa Aprili nilipoteza mavuno ya wiki mbili kwa sababu pikapu ya kukodi haikupatikana. Na gari hili, niseme tu, tulilinunua mwaka 2011 kwa kiinua mgongo cha marehemu mume wangu. Sijaomba mlipe kwa ajili ya hilo. Nimelitaja mjue kwa nini lina ovaholi, rangi mpya na stakabadhi za miaka 14 kwenye bahasha. Lilitunzwa.

Ninachoomba ni hiki. Kwanza, tathmini ile ifutwe, na mthamini aliyesajiliwa aje Kigoma alione gari kwa macho yake, mimi na fundi tukiwepo. Pili, mkubali matengenezo kwa hesabu ya fundi, mlipe 6,165,000, na mbebe maegesho kuanzia tarehe 6 Mei, maana kuanzia hapo ucheleweshaji ni wenu. Kama mthamini huyo baada ya kuliona atasema chasisi haifai kunyooshwa kwa usalama, nitamsikiliza, ila thamani ya soko isiwe chini ya ile ya magari yaliyouzwa hapa. Na kama mtashikilia saba na nusu, basi nirudishiwe na ile 805,350 niliyolipa kwa thamani mnayoikana. Fedha mtakazolipa mna haki ya kuzidai kwa mwenye lori na bima yake; mwenye kosa anajulikana na hukumu ipo.

Naomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Nisipoyapata, nitapeleka lalamiko hili kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na nakala kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Nimeanzia kwenu kwa sababu ninyi ndio niliowalipa, na bado natumaini mtalimaliza wenyewe.

Gari liko gereji Gungu, chini ya mwembe, limefunikwa turubai. Fundi yupo kila siku isipokuwa Jumapili. Mthamini akija, aje mchana, na kitambaa nitampa mimi. Upande wa kushoto wa bodi sijaufuta, nimeuacha ulivyo ili aone mwenyewe.

Wenu mteja,

Mwenye bima,
Mwanga, Kigoma.

Viambatanisho: nakala ya hati ya bima na stakabadhi tatu za ada, ripoti ya polisi na ya mkaguzi wa magari, makadirio ya fundi, stakabadhi za ovaholi ya 2023, picha mbili za bodi la nyuma, nakala za hati mbili za mauziano, hati ya kuridhia malipo, haijasainiwa.